Mzee, Geuza Kiti

Wiki ile Amri alizunguka korongo la Mzee Ambindwile kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka viatu vyake vikaacha kuwa viatu, vikawa matope yenye gidamu. Anatoka ng'ambo hii anakwenda ng'ambo ile, akifika huko anarudi huku. Waliokuwa wanamwona wakadhani kapata mchumba kule juu. Mchumba gani. Alikuwa na antena mbili, moja huku moja kule, na zimekataa kusikilizana.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mjomba wake Farhan alifungua intaneti kafe pale Tukuyu mjini, ile miaka ambayo kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa anakigeuza duka: huyu vocha, huyu saluni, huyu kuchaji simu. Chumba alichopanga Farhan kilikuwa cha mbele kwenye nyumba ya Mzee Ambindwile. Mzee mwenyewe alikaa vyumba vya nyuma, na kama hayuko kwenye chai yake, basi yuko kwenye baraza la pembeni, kwenye kiti chake kikubwa cha mninga, anatazama korongo lililojaa migomba. Ng'ambo ya pili ya korongo, umbali wa mtu kuita na kuitikiwa, ipo nyumba ya mwanawe Lazaro. Lazaro alikuwa India anasoma. Nyumbani alimwacha mkewe, Elina, ambaye alifungua humo ofisi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi.

Sasa Elina amejifungua mtoto wa kiume, na Lazaro hajamwona. Akaandika kutoka huko huko kwamba mtoto asipewe jina mpaka yeye baba amwone uso kwa macho yake. Basi mtoto akawa anaitwa mtoto. Anakwenda kliniki, manesi wanauliza jina, wanaambiwa mtoto.

Wewe utasema, si aende kafe kwa Farhan, kamera ipo, amwonyeshe mumewe mtoto, yaishe. Hapo ndipo pagumu. Kwa Wanyakyusa wa mtindo wa Mzee Ambindwile, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wamegombana, ni heshima. Mkwe akisikia kikohozi cha baba mkwe njiani anakata kona, hata kama kona yenyewe ni shamba la maharage la mtu. Na jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwake hata umtekenye. Vijana wengi wa mjini walishaacha hayo, ila Elina kalelewa kijijini Kisiba na bibi yake, na Mzee naye siyo mtu wa kuacha kitu alichokikuta. Kwenda kafe maana yake ni kupita mbele ya kile kiti cha mninga. Elina alisema bora mtoto aitwe mtoto mpaka aoe.

Amri mwenyewe kwao ni Waislamu waliotoka pwani, mafundi cherehani tangu babu. Hiyo mila aliijua kama anavyoijua kengele ya kanisa: anaisikia kila siku, hajawahi kuuliza inampigia nani.

Yeye ndiye aliyejitia kimbelembele. Akamwambia Farhan kwamba kama mkwe haji kwenye mtandao, mtandao umfuate mkwe. Kuvuta waya juu ya korongo Mzee alishakataa, kwa sababu kati ya ile migomba wamelala baba yake na mama yake, na hataki kitu kipite juu yao. Amri akasema hakuna haja ya waya. Tunaweka antena hapa, antena pale, zinatazamana, mtandao unavuka hewani, wazee hawasikii kitu. Daraja, akaliita. Huyu kijana aliacha shule kidato cha pili na hakuna mwalimu aliyemlilia. Alishafanya kazi gereji akagombana na mwenye gereji, alishauza maziwa akagombana na ng'ombe. Lakini kitu chenye waya akikishika kinafanya kazi, na hilo Farhan alikuwa analijua.

Basi wakapatana. Lazaro atakuwa kwenye kompyuta huko India siku ya Jumamosi. Mtoto akionekana, Amri ndiye fundi wa mtandao, na kuna watu wa Kyimo wanataka kitu kama hicho hicho, atapelekwa yeye. Mtoto asipoonekana, antena zinashuka na Amri anarudi kwa mama yake, Bimdogo, kushona vifungo. Bimdogo wakati huo alikuwa na sare za kwaya zimejaa mpaka kwenye kitanda. Kila akimwona mwanawe anampangusia kile kiti cha pembeni ya cherehani, hasemi kitu, anapangusa tu. Amri alikuwa tayari kumeza vifungo kuliko kuvishona.

Antena zilikuwa kama wavu wa kuchomea mishikaki. Ya kwa Farhan aliifunga kwenye ukingo wa paa. Ya kwa Elina ilimsumbua kidogo. Ofisi ya Elina ya kompyuta ilikuwa kwenye baraza la nyuma, lile linaloning'inia juu ya korongo, kwa sababu chumba cha mbele mashine ya fotokopi imekimaliza. Baraza lenyewe fupi, lina kiukuta cha kiunoni na juu ni wazi. Na kebo ya kutoka kwenye antena mpaka kwenye rauta ilikuwa fupi kama mkono wa shati la mtoto, ndefu yake mpaka itoke Dar. Basi akaifunga antena pale pale juu ya kiukuta, karibu na meza. Akawaambia wale wanawake wawili, Elina na wifi yake Prisca, maneno aliyokuja kuyajutia: kwamba yule atakayeigusa hii antena, hata kwa kidole, hata kwa ufagio, kaua mtandao.

Wakaitikia. Taa za rauta zikawa za kijani. Elina akafungua barua pepe ya mumewe palepale. Amri akarudi kwa kuzunguka korongo anapiga mluzi, na alipofika kwa Farhan mtandao wa ng'ambo umekufa.

Akazunguka tena. Akapiga hodi, Prisca akamwambia asubiri kidogo, zikasikika kelele kelele huko ndani, kisha akakaribishwa. Elina alikuwa jikoni. Amri akatazama rauta: kijani. Akajaribu: inafunguka. Akakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea, ili aonekane amefanya kitu. Akarudi. Imekufa.

Ikawa ndiyo hivyo. Akiwepo inapona, akiondoka inakata roho, kama mgonjwa anayependa dokta. Prisca, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akaanza kumuuliza kama mtandao unaona upweke akiondoka. Amri akawa anakaa pale baraza muda mrefu, anaitegea ife mbele yake. Haifi. Kulikuwa na bati moja refu limelazwa sakafuni kando ya ukuta, basi akawa analikalia, viatu kaanika juu yake, anakula ndizi za kuchemsha alizoletewa na Prisca, anaitazama rauta. Akamsifia hata bati lenyewe. Bati zuri hili, geji nzito, siku hizi hayapo. Prisca akasema ndiyo, Lazaro alilibakiza wakati wa kuezeka.

Siku ya pili akaamua kwamba wabaya ni migomba. Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi, na jani la mgomba likilowa linakuwa zito kama godoro. Amri aliwahi kusikia kwamba mtandao na maji havipatani. Akashuka korongoni na panga akapunguza majani ya juu, yale yaliyokuwa yanasogeleasogelea njia ya antena. Hakuuliza. Mzee alimwona kutoka kwenye kiti. Hakupiga kelele, alimtuma mtu amwambie apande na yale majani yote, ayapange barazani moja moja, halafu amweleze kila jani lilimkosea nini. Amri akaeleza. Mpaka jani la nne Farhan akaja kumwombea msamaha. Na mtandao ng'ambo bado umekufa.

Siku ya tatu mshauri akawa kila mtu. Wateja wa kafe wakasema ni ukungu wa Mlima Rungwe. Mmoja akasema ni spika za kanisani, mwingine akasema za msikitini, wakabishana mpaka wakasahau mtandao. Muuza vocha alisema kimya kimya kwamba korongo lile lina makaburi na makaburi yana watu. Bimdogo aliposikia akapangusa kiti.

Alhamisi Mzee Ambindwile akaenda msibani Masukulu. Aliondoka kumekucha, akarudi kiza kimeingia, na siku nzima ile, bila mtu kugusa kitu, mtandao wa ng'ambo ulikuwa kama mto. Mvua ilinyesha, ukungu ulishuka, adhana iliita, kwaya ilifanya mazoezi. Kijani. Elina alichapa barua za watu akazituma mpaka Mbeya. Amri akakaa kwenye kafe anatabasamu kama aliyeahidiwa pepo.

Ijumaa asubuhi Mzee akatoka na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kiti. Amri alikuwa anaitazama kompyuta. Mtandao ukakata. Mzee akanyanyuka kwenda kukojoa. Muda si mrefu mtandao ukarudi. Mzee akarudi, ukakata.

Mtu mwingine angekwenda nje kwanza akapumua. Amri akatoka moja kwa moja mpaka barazani, mbele ya wateja, mbele ya watu wawili waliokuja kumpa Mzee pole ya msiba, akasema:

"Mzee, shikamoo. Tatizo ni wewe."

Wale wa pole wakaacha kunywa chai. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mimi nimefanya nini, gwe Amli?" akauliza, kwa ulimi wake wa Kinyakyusa.

"Hujafanya. Ukikaa hapo mtandao unakufa. Ukiondoka unafufuka. Nimekupima."

Kilichofuata hakielezeki kwa utaratibu. Wale wa pole waliongea kwa Kinyakyusa wote wawili kwa wakati mmoja, na Amri alielewa maneno machache na hayakuwa mazuri. Maana mtu ametoka kuzika ndugu yake jana, wewe kijana wa cherehani unamwambia anaua vitu kwa kukaa. Huko ni kumwita mchawi, bado tu kulitaja neno lenyewe. Farhan akatoka mbio, akapiga goti, yeye mwenye kitambi chake, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima kuanzia waliobaki pwani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hana neno, ila kiti hiki alikikuta baba yake hapa hapa, na hakitoki. Kesho mjukuu wake anapewa jina, na yeye atakuwa amekaa papo hapo analisubiri, tuone nani atamnyanyua.

Ndani, Farhan alimwambia Amri maneno machache. Kesho ndiyo kesho. Baada ya hapo mdomo wake ukamsaidie kung'ata uzi.

Jumamosi ikaingia na manyunyu. Elina alimvalisha mtoto kofia nyekundu na soksi ambazo hazifanani. Prisca alikuwa anashinda kwenye simu na Farhan: tayari, bado, tayari. Huku kafe Amri amekaa mbele ya kompyuta, jina la Lazaro limewaka, kumbe naye huko India amekaa anasubiri. Na nje, kwenye kiti cha mninga, Mzee Ambindwile kavaa koti la kanisani, fimbo katikati ya miguu, anatazama ng'ambo.

Mtandao wa ng'ambo umekufa kifo cha mende.

Amri akatoka. Hakupitia njia ya kuzunguka. Akaingia moja kwa moja kwenye migomba, akateleza, akakaa, akanyanyuka, akawapita wazee waliolala akawaambia samahani, akapanda upande wa pili kwa kushika mashina. Ndiyo maana alitokea chini ya baraza la Elina bila kupiga hodi, na bila mtu kumsikia. Akainua macho.

Lile bati. Lile bati zuri, geji nzito, limesimamishwa juu ya kiukuta kutoka nguzo mpaka nguzo, limeziba baraza lote. Na antena yake iko nyuma yake, kiganja kimoja tu, inatazama bati kama mtoto aliyeadhibiwa anavyotazama ukuta.

Akasimama pale kwenye tope, mvua inamwingia shingoni. Wiki nzima bati hilo alikuwa analiona kutoka kwa Farhan. Aliliona kama unavyoona bati lolote Tukuyu, huku mvua inakuja kwa ubavu na kila mtu kaziba kitu kwa bati. Na wiki nzima, kila akipiga hodi, zile kelele kelele za ndani zilikuwa bati linashushwa ili fundi apate nafasi. Halafu fundi analikalia. Anaanika viatu.

Prisca akachungulia pembeni, akamwona. Akamuuliza kwa nini leo anakuja kama mwizi wa kuku.

"Hilo bati la nini?" Amri akauliza, ingawa hapo alishajua.

"La wifi. Baba akikaa kwenye kiti tunalisimamisha, wifi afanye kazi zake. Baba akiondoka tunashusha, tupate mwanga."

"Na mmeliweka mbele ya antena yangu."

"Ulisema tusiiguse," Prisca akasema. "Hatujaigusa."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wameipisha kwa adabu kabisa, kama mtu anavyopisha sufuria ya moto.

Elina alikuwa kwenye kiti nyuma ya meza, mtoto mapajani, anamwangalia. Amri akafikiria haraka. Kuinua antena juu ya bati, kebo haifiki. Kuhamisha meza, soketi ni moja na iko pale. Kushusha bati, Mzee yule pale, uso kwa uso. Akamuuliza Elina kama haiwezekani leo tu, mara moja tu. Elina akatikisa kichwa, taratibu, siyo kwa hasira. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kumkosea yule mzee tangu aingie ukoo huu, na hataanza na mtoto mikononi.

Basi Amri akashuka tena korongoni. Wazee, samahani. Akapanda upande wa kwa Farhan akiwa ana matope mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya Mzee Ambindwile. Farhan alipomwona anaelekea kule alishika kichwa. Watu wa kafe wote wakawa mlangoni.

Amri akaeleza. Safari hii alieleza kama binadamu. Kwamba siyo Mzee, ni bati. Kwamba bati lipo kwa sababu ya Mzee, na Mzee yupo kwa sababu ya mjukuu, na Lazaro amekaa huko India anasubiri. Akasema anajua jana alikosea. Alisema hayo akiwa anatazama viatu vyake.

Mzee akauliza kama wanataka anyanyuke.

"Maana sinyanyuki," akasema. "Mtoto wa mwanangu anapewa jina, mimi nikajifiche nyuma ya nyumba kama deni? Sinyanyuki, gwe."

"Usinyanyuke, Mzee," Amri akasema. "Geuza kiti."

Mzee akatazama ng'ambo, kwenye bati. Akatazama kiti. Akageuka akatazama ukuta wa nyumba yake, ambao sidhani kama alikuwa ameutazama tangu uliposimamishwa.

"Nitazame ukuta."

"Utazame ukuta. Wao washushe bati. Wewe humwoni, yeye hakuoni, na jina utalisikia."

"Na siku zote hizi hukuwa na mdomo wa kusema hivi?"

"Mdomo ulikuwepo," Farhan akadakia kutoka mlangoni. "Ulikuwa na kazi nyingine."

Mzee akacheka. Kicheko chenyewe kidogo, cha puani, lakini Farhan alikishukuru kuliko kodi kupunguzwa. Wakakishika kile kiti watu watatu, maana mninga ni mninga, wakakigeuza. Mzee akakaa tena, akarekebisha koti, akaweka fimbo katikati ya miguu, akautazama ukuta kwa heshima zote kama mgeni wa wilaya. Amri akapaza sauti kwamba kageuka, shusheni. Jicho moja la Prisca likatokea pembeni ya bati. Likahakikisha. Bati likashuka.

Ndani ya kafe mtu akasema, kijani.

Amri akavuka korongo kwa mara nyingine, wale wazee sasa wameshamzoea, akafika barazani kwa Elina picha inaanza kuingia. Lazaro alikuja kwa vipande: paji la uso kwanza, kisha jicho, kisha masharubu ambayo hakuondoka nayo. Elina akamnyanyua mtoto mbele ya kamera. Mtoto akapiga miayo. Lazaro akaondoka kwenye picha, wakabaki wanatazama ukuta wa India. Alivyorudi macho yalikuwa mekundu, akasema kuna vumbi sana huko.

Kisha akasema jina. Alisema amelifikiria tangu mimba, na sasa ameona hilo paji la uso, hana wasiwasi tena. Mtoto achukue jina la babu yake. Ambindwile.

Elina akanyamaza.

"Elina? Umelisikia? Haya liseme na mimi nilisikie."

Kimya.

"Hallo? Sauti imekata," Lazaro akasema.

Amri akaingia chini ya meza kama panya. Vifungo aliviona kwa macho, vya kwaya nzima. Akachomoa waya wa maiki, akaupuliza, akachomeka. Akamwambia Elina aseme kitu, chochote, ahesabu.

"Moja, mbili, tatu," Elina akasema.

"Nakusikia vizuri," Lazaro akasema. "Basi sema jina."

Kimya.

"Imekata tena."

Amri akachomoa tena, akapuliza tena. Akagonga rauta kwa upole, kama unavyomgonga mtoto mgongoni acheue. Moja mbili tatu, inasikika. Jina, inakata. Hajawahi kuona mtandao unaochagua maneno. Alipotoa kichwa chini ya meza alimkuta Prisca kaegemea ukuta, kanga mdomoni, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Kaka," Prisca akainama kwenye kamera, "mtandao mzima. Umekaa huko mpaka umesahau kwenu. Umempa mkeo mtoto asiyeweza kumwita."

Lazaro akafumba macho. Akapiga paji la uso kwa kiganja, na hilo paji kweli lilikuwa moja kwa babu, kwa baba na kwa mtoto. Elina naye kicheko kikamshinda, akakificha shingoni mwa mtoto. Lakini hakutamka.

Huku ng'ambo Mzee alikuwa amechoka kusubiri. Bila kugeuza shingo, akiuambia ukuta, alikuwa anauliza kwa sauti: wamempa nani? Farhan hajui. Wateja hawajui. Prisca ndiyo kabisa, jina la baba yake atalipigaje yowe. Basi ikabaki kwa Amri. Akaegemea kiukuta, akajaza kifua, akarusha jina juu ya korongo kavu kavu, bila Mzee wala Baba mbele yake:

"Ambindwile!"

Hakuna mtu mjini pale aliyewahi kusikia jina hilo linaitwa hivyo, kama la mbwa aliyeingia jikoni. Mkono wa Mzee ukashika mkono wa kiti. Bega likaanza kuzunguka, na kofia, na sikio, aone ni nani huyo. Elina na mtoto wake wakaingia chini ya meza.

"Usigeuke!" Amri, Prisca na Farhan walisema kwa pamoja, na wateja wa kafe, na muuza vocha, na Lazaro kutoka India ambaye hata hakujua anamkataza nani nini.

Bega likagandia njiani.

"Sikuiti wewe, Mzee," Amri akasema. "Namwita mjukuu wako."

Bega likakaa vile vile. Halafu, pole pole sana, likarudi ukutani. Kutoka ng'ambo ilionekana kofia tu na mgongo wa koti la kanisani, na mgongo ulikuwa unatikisika kidogo. Farhan, aliyekuwa karibu, hajawahi kumwambia mtu alichokiona usoni pale. Mzee akakohoa.

"Mwite tena," akauambia ukuta.

"Ambindwile!"

"Taratibu basi. Usimshtue mtoto."

Kebo ndefu ilifika kutoka Dar baadaye, Amri akapanda paa linaloteleza, akaipeleka antena juu mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Bati la Elina likapata uhuru wa kusimama litakavyo. Lakini Jumamosi, Lazaro akipiga, Mzee bado anaita watu watatu wamgeuzie kiti. Anasema akitazama ukuta anasikia vizuri zaidi. Wapita njia wamezoea kuuamkia mgongo, na mgongo unaitikia. Elina anamwita mwanawe Babu, na mtoto kawa na kiburi cha babu kweli.

Kiti cha pembeni ya cherehani Bimdogo alimpa Suad, binti wa jirani, ambaye anapenda vifungo. Amri akapelekwa Kyimo, kwenye ghala na ofisi zinazotazamana ng'ambo ya barabara. Alipokelewa na wakubwa, wakamwonyesha wapi pa kufunga. Aliweka mfuko wa vifaa chini, hakuufungua. Akauliza kwanza, hapa kwenu, ni nani na nani hawaonani.